Ukungu wa Masukila

Asubuhi ile Ambwene alipopanda mgongo wa mlima kutoka Masukila, alitembea juani njia nzima. Alipofika kileleni akapiga hatua moja tu, akawa ndani ya ukungu mzito, mweupe, wa baridi, kama mtu aliyefungua mlango akaingia nyumbani mwa wenyewe. Akasimama. Nywele zake zikaanza kushika matone. Alikuwa amesahau baridi ile ilivyo, na badala ya kufurahi akajikuta amekasirika.

"Dada!" akaita. "Uko wapi?"

"Niko juu huku. Usiguse kitu chochote."

Tusekile alikuwa juu ya ngazi, ameegemea mojawapo ya nguzo za chuma zilizofuatana juu ya mgongo wa mlima mpaka zikapotelea kwenye weupe. Kichwani mwa kila nguzo palikuwa na nyaya nyembamba zilizosukwa kama utando wa buibui, na nyaya hizo zilikuwa zinavuma kwa sauti ya chini, mfano wa nyuki walio mbali. Akashuka taratibu, akavua glavu za mpira, akamkumbatia mdogo wake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hawajambo nyumbani?"

"Watu hawajambo. Chai ndiyo mgonjwa."

Tusekile akazikunja glavu zake. Alijua. Kabla ya nguzo, ukungu ulikuwa ukipanda kutoka Ziwa Nyasa kila alfajiri, unalowesha mashamba ya Ikubo upande huu, halafu unavuka na kuteremkia Masukila, ambako kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha chai nyuma ya migomba. Haukuwa wa mtu. Miaka ya joto ilipokuja mvua zikawa za kubahatisha, chai ya mabondeni ikafa yote, na huku juu ukungu ndio ukabaki riziki. Nao ukawa unapungua. Kampuni iliyokuwa na shamba la Ikubo ikafunga virago. Wachumaji, ambao hawakuwa na pengine pa kwenda, wakaunda ushirika, wakalichukua shamba pamoja na kiwanda chake, wakamwendea Tusekile, binti wa mchumaji mwenzao aliyesomea umeme Mbeya. Wakamwambia: tutafutie namna ya kuuzuia ukungu usitupite haraka. Akaitafuta, akaipata.

"Ndizo hizi nyaya zinazoushika?" Ambwene aliuliza.

"Ndizo. Ukungu ni vijitone vya maji, vidogo kuliko unga. Kila kitone kina umeme wake, kidogo sana. Waya ukiupa umeme wa kinyume, vitone vinauendea kama misumari inavyoiendea sumaku. Vinasongamana, hewa inakuwa nzito, inasimama."

"Na ukungu hauvuki tena."

"Unavuka kidogo. Wakati mwingine."

"Dada, mimi ndiye ninayekaa kule. Hauvuki." Ambwene akafungua fundo la khanga yake, akatoa tawi la mchai. Majani yake yalikuwa na rangi ya tumbaku. "Hili nimelikata leo kwenye ule mstari wa karibu na kisima, ambao Anyandwile humwagilia kwa ndoo kila siku. Mistari mingine siwezi kukuletea, utalia. Mzime hata siku mojamoja. Siku moja yenu, siku moja yetu. Michai haijafa bado. Ukiikwangua shina unakuta kijani ndani."

Tusekile alilichukua tawi, akalikwangua kwa ukucha. Ni kweli, chini ya gamba palikuwa na kijani.

"Nitalipeleka kwenye mkutano wa ushirika," alisema. "Subirini kidogo."

"Kidogo cha kwenu, au cha kwetu?"

Wakatazamana, kisha Ambwene akacheka kicheko kifupi ili dada yake asione aibu. Akajifunga khanga yake, akarudi zake juani.

*

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kunyaushia majani, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuwatosha wachumaji wote. Walikaa sakafuni kati ya vichanja virefu, na harufu ya chai mbichi ikawa imewajaa puani. Tusekile alisimama mbele akaeleza yote aliyoambiwa, akalipitisha lile tawi mkono kwa mkono. Watu walilikwangua kama alivyolikwangua yeye, wakatikisa vichwa kwa huruma.

"Tuzime kwa zamu," alimalizia. "Siku moja ukungu uwe wetu, siku moja uvuke."

Mwenyekiti wao, Asegelile Mwambungu, alikuwa amechuma chai tangu ujana wake mpaka vidole vikapinda. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Fundi, tukizima kwa zamu, majani yatapungua kwa kiasi gani?"

"Theluthi. Pengine zaidi kidogo, joto likizidi."

"Na tanuru la kiwanda linataka kiasi gani ndipo liwake bila hasara?"

Hapakuwa na mtu pale asiyejua. Majani waliyokuwa nayo yalilitosha tanuru barabara, bila ziada.

"Sasa nieleweni vizuri," Asegelile akaendelea. "Mke wangu kazaliwa Masukila. Mashemeji zangu wako kule. Msidhani nalisema hili kwa raha. Lakini tukiugawa ukungu huu, sisi tutakosa kiwanda. Na kiwanda hiki kikifungwa, hao wa Masukila majani yao watayaleta wapi? Watayanywa yote wenyewe?"

Watu wengine walicheka, wengine hawakucheka.

"Basi tungoje msimu uishe," alisema mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango. "Joto likishapungua tuwape. Hata siku mbili mbili tutawapa."

Neno lile liliwaingia wote. Lilikuwa neno zuri. Halikumnyima mtu kitu, lilimwahirishia tu. Asegelile akawaomba wanaolikubali wanyanyue mikono. Mikono ikanyanyuka safu kwa safu, mikono yenye madoa meusi ya utomvu wa chai, na baadhi ilikuwa ya wanawake waliomlea Tusekile mama yake alipokuwa shambani. Akabaki yeye amesimama mbele yao, mikono imening'inia. Wakawa wanamtazama. Hawakumtazama kwa ubaya. Walikuwa wanangoja tu.

Tusekile akanyanyua mkono wake.

Jioni akamrekodia mdogo wake ujumbe. "Hawakukataa," alisema. "Wamesema msimu ukiisha. Vumilieni kidogo tu, mdogo wangu."

*

Msimu haukuisha kama walivyodhani. Joto lililozoea kuja na kuondoka lilikuja likatulia. Ukungu ulipanda kutoka ziwani mwembamba kama moshi wa sigara, na Tusekile akalazimika kuongeza umeme kwenye nyaya ili aukamue wote. Alikuwa hodari. Alitengeneza mpangilio mpya, nguzo za pembeni zikawa zinaanza kuvuta kabla ya zile za katikati, ukungu ukakusanyika kama kondoo wanaoingizwa zizini. Wachumaji wa Ikubo waliingia mistarini asubuhi wamevaa makoti ya mpira, wakatoka wamelowa, vikapu vimejaa. Walipopita chini ya nguzo walimpungia mikono. "Ndaga fijo, fundi!" walimwambia, asante sana, nao walimaanisha.

Upande wa pili alikuwa haangalii. Alipokagua nyaya aliisogeza ngazi akae ameipa Masukila mgongo. Akajiambia kwamba ni kwa ajili ya mwanga.

Ambwene aliendelea kumtumia ujumbe wa sauti. Mara ya kwanza alisema wameamua kumwagilia mistari iliyo karibu na nyumba tu, mingine waiombee. Baadaye alisema kisima kimeanza kutoa tope. Kisha akasema Anyandwile, mumewe, amekata vipandikizi kutoka michai iliyo na uhai bado, ameviotesha kwenye viriba vya plastiki chini ya migomba, anavipa maji ya kunawia uso. "Anasema ni mbegu ya kesho," Ambwene alisema, na mle ndani ya ujumbe ilisikika sauti ya mwanamume anacheka nyuma yake. Tusekile alimjibu kila mara. Kila mara alitafuta namna nyingine ya kusema lilelile neno, wavumilie.

Halafu ujumbe ukakoma. Tusekile hakupiga simu kuuliza. Aliogopa kuulizwa yeye.

Siku moja, wakati ukungu unaanza kuchanika, akatokea mwanamke amebeba gunia kichwani, anatokea Masukila. Akalitua gunia chini ya nguzo ili apumzike.

"Za kazi, fundi? Hutaki mkaa?"

"Mkaa wa nini huo?"

"Wa michai," mwanamke alijibu. "Mashina yake ni magumu, unakaa na moto wake muda mrefu. Kule kwetu sasa tunachoma wote. Chukua, hutajuta."

Tusekile akageuka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliutazama mteremko wa Masukila. Mahali palipokuwa na zulia la kijani palikuwa na kahawia tupu, na kwenye kahawia ile ulipanda moshi, hapa na pale, moshi mnyoofu wa matanuri ya mkaa usio na upepo wa kuuyumbisha.

Mwanamke alijitwika gunia lake akateremka Ikubo kwenda kuuza. Tusekile alikaa chini penye majani yaliyolowa. Akalia kidogo, kisha kulia kukamchosha. Alijua kwamba akiomba mkutano mwingine atasikilizwa kwa heshima, na kwamba mikono itanyanyuka tena. Akizima swichi, mtu mwingine ataiwasha kabla ya saa sita.

Aliingia kwenye kibanda cha mtambo, akazima umeme, akafungua kabati la chuma, akachomoa kadi kuu, kile kibao chembamba cha saketi ambacho bila hicho nguzo zote ni vyuma vitupu. Alikuwa amekifunga humo yeye mwenyewe, waya kwa waya. Akatoka nacho mpaka kwenye korongo, akakirusha. Akakisikia kikigonga mwamba, kisha mwamba mwingine, kisha akawa hasikii kitu.

Mvumo wa nyaya ulikuwa umekoma. Akabaki ameduwaa kwa ule ukimya. Ukungu uliosalia ukatikisika, ukainuka taratibu, ukaanza kuvuka.

*

Asegelile alifika kesho yake asubuhi, peke yake, anahema. Ukungu wa siku ile ulikuwa tayari umepita juu ya Ikubo bila kusimama, na jua lilikuwa linawaka juu ya mistari ya chai kama linavyowaka juu ya bati.

"Imeharibika?" aliuliza. Alipoona uso wa Tusekile hakuuliza tena. Akaingia kibandani, akaliona kabati lililo wazi, akatoka.

"Iko wapi?"

"Korongoni."

Mzee alikaa kwenye jiwe. Akatoa simu, akaibonyeza kwa vidole vyake vilivyopinda, akaongea na mtu kwa ufupi.

"Nimempigia simu fundi wa Mbeya," alisema hatimaye. "Anayo kadi ya namna hiyo. Atafika keshokutwa."

"Nilijua kwamba angepatikana."

"Unajua pia kwamba kwa joto hili, machipukizi yetu hayamalizi siku tatu?"

"Najua, mzee."

"Basi nieleze mimi nisiyejua. Kule ng'ambo umewapa siku tatu. Huku umetunyang'anya msimu mzima. Nani amefaidika?"

Tusekile alitaka kumwambia kuhusu moshi, kuhusu gunia la mkaa. Lakini moshi ulikuwa pale mbele yao, unaonekana, na mzee alikuwa na macho.

"Ungesimama siku ile mkutanoni," Asegelile alisema. "Ungekataa kunyanyua mkono. Watu wale wanakupenda. Ungesema hapana mbele yao, mimi mwenyewe pengine ningeona haya nikanyamaza. Wakati ule mashina yalikuwa na kijani, nililikwangua lile tawi nikaona. Leo umefanya nini? Umefanya lililo sawa wakati ambapo halimfai mtu."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayesoma jina la marehemu. Kisha akainuka, akamwambia kwamba funguo za kibanda aziache mlangoni, na kwamba asishuke Ikubo leo, kwa kuwa kuna watu ambao hawatakuwa wapole kama yeye.

Kwa hiyo Tusekile akateremkia upande wa pili.

*

Siku iliyofuata ukungu ulilala Masukila. Tusekile aliamkia nyumbani kwa mdogo wake akatoka nje, akakuta kijiji kizima kiko uani. Hakuna aliyekwenda popote. Watoto waliozaliwa baada ya nguzo walikuwa wanakimbia huku na huko wamefungua vinywa, wanajaribu kuung'ata. Bibi mmoja aliutandaza mgolole wake juu ya ua ulowe, kisha akawa anaukamulia usoni. Matone yalidondoka kutoka kwenye majani ya migomba, na sauti yake, baada ya ukavu ule wote, ilikuwa kama ya umati unaopiga makofi polepole.

Watu walimjia Tusekile. Walimshika mikono yote miwili, wengine walipiga magoti. Habari ilikuwa imezagaa kwamba fundi mwenyewe ndiye aliyewafungulia.

Ambwene alimvuta nyuma ya jiko. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa mkaa mpaka kwenye viwiko.

"Dada, nitazame. Tangu jana unakula kama mgonjwa na husemi. Utabaki huu ukungu?"

"Hapana."

"Mpaka lini?"

"Kesho wanatia kadi mpya. Keshokutwa asubuhi utakuwa umesimama kwao tena."

Ambwene aliinamisha kichwa. Kutoka uani zilisikika sauti za watu wanaojadiliana mahali pa kupata miche, nani ana jembe, nani atamlimia nani.

"Basi bora usingetuletea," alisema.

"Ambwene..."

"Nasema kweli. Chai tulikuwa tumeshaizika, dada. Ilituuma, lakini tulikuwa tumeshaizika. Tulikuwa tunachoma mkaa wetu, tunapanga kuhama mkaa ukiisha. Anyandwile alikuwa amekubali. Mwanamume yule hakulala wiki nzima mpaka akakubali. Leo ameamka kabla ya kuku, unajua yuko wapi?"

Tusekile alijua kabla hajaambiwa.

"Amebeba viriba vyake vyote, amekwenda kupanda. Nenda ukamwambie wewe. Mimi siwezi kumvunja mara mbili."

Tusekile alipita katikati ya migomba, akatokea kwenye kile kipande kilichokuwa chai yao. Mashina yalikuwa yameng'olewa, udongo umebaki na mashimo kama ufizi usio na meno. Ndani ya ukungu, mwishoni kabisa, aliliona koti la shemeji yake. Anyandwile alikuwa amepiga magoti. Nyuma yake miche ilikuwa imesimama kwa mstari, midogo, kila mmoja na majani yake machache yanayong'aa kwa maji.

"Shemeji!" akamwita kwa furaha. "Njoo uone. Tazama udongo unavyoshika. Nilikuwa namwambia mdogo wako, haya mambo si ya kukata tamaa, akanicheka. Njoo, njoo."

"Anyandwile, acha kwanza. Simama nikuambie."

"Sema tu, nakusikia. Nina mkono wenye udongo."

Akamwambia. Alimwambia habari ya fundi wa Mbeya na kadi mpya, alimwambia siku. Hakuongeza neno la kuvumilia. Aliposikia sauti yake mwenyewe inataka kueleza kwa nini, aliinyamazisha.

Anyandwile hakugeuka. Mikononi alikuwa na mche ambao ameshauchania kiriba chake, mizizi iko nje, myeupe, inadondosha udongo. Aliutazama. Aliitazama ile iliyokuwa bado ndani ya viriba, halafu ule mstari alioupanda. Ukungu ulikuwa unapita kati yao bila sauti.

"Keshokutwa," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Iliyo kwenye viriba nitairudisha chini ya migomba." Akauinua ule mche wa mkononi. "Huu nimeshautoa. Siwezi kuurudisha."

Akauingiza kwenye shimo. Mche ukawa unaelemea upande. Tusekile akapiga magoti mbele yake, akaushika wima kwa vidole viwili, naye Anyandwile akaanza kuufukia, akiushindilia udongo pande zote, taratibu, kama inavyotakiwa kwa mche unaotegemewa kuishi.